Kupasua mbao ngumu na musumeno wa mukono juu ya kutosha mipini: namna inafanyika huku Goma

Mutu mwenye alishajenga mu Goma anajua kazi ya jiwe. Parcelle mingi ziko juu ya lava, kuko ya zamani sana na kuko ile Nyiragongo ilimwaga mwezi wa kwanza 2002, na ukitaka kuchimba fondasio ao shimo ya choo ni masi (nyundo nzito) na burini (patasi ya jiwe) kuanzia asubuhi. Masi ikigonga jiwe ya vile siku nzima, chenye kinakufa wa kwanza si chuma, ni mupini. Na ile mipini ya soko, vijiti vya karatusi vyenye banachuna maganda vikiwa bado vibichi, inaingia vizuri siku ya kwanza, kisha muti unakauka, unasinyaa, kichwa cha masi kinaanza kucheza, na siku moja kinatoka kinaruka upande wenye batu banasimama.

Njo maana wengine tunapenda kutafuta kipande cha madriye (ubao munene) ya muti mugumu, tunaipasua vipande viwili mu unene wake, kila nusu inatoa mupini moja ya masi ao mbili za marto (nyundo ndogo). Utaniuliza juu ya nini usipeleke ku mashini. Peleka kama unaweza, mimi sikatazi. Lakini mashini ya diski inakula karibu milimetre 3 ao 4 kila inapopita, na musumeno wa mukono unakula kama 2 hivi. Tena wenye mashini wengi hawapendi vipande vifupi, na wako na haki, kipande cha sentimetre 40 karibu na diski kinaweza kupeleka vidole. Kisha kuko siku umeme inakatika unabaki unaangalia mashini. Na kitu cha mwisho, chenye kwangu ni kikubwa kuliko vyote: mashini inakata sawa na ubavu wa ubao, basi. Haiangalie muti unaenda wapi. Weye na musumeno wako unaweza kukata sawa na nyuzi za muti, na mupini yenye nyuzi zake zinatoka ku kichwa mpaka ku mukia bila kukatika, hiyo njo itavumilia lava.

MBAO GANI

Karatusi iko fasi zote, inatoka Masisi, Rutshuru, mpaka mu parcelle za batu. Ni muzuri kwa mipini kama ni ya muti mukubwa wenye ulikomaa. Shida yake iko mbili. Ya kwanza, iko na nguvu imejifunga ndani, ukiipasua inaweza kufunguka na kupinda hapohapo mbele ya macho yako. Ya pili, mingi inakua ikijizungusha, nyuzi zinapanda kama kamba yenye imesokotwa, na hiyo haitoi mupini hata ukiwa fundi wa namna gani. Kama unaona ile katikati ya muti, ule moyo, uko ndani ya kipande, usiwaze kupata mupini mule, itapasukia pale.

Akasia nyeusi, ile yenye bamama banachomea makala, ni nzito na ngumu, na ukipata kipande yenye imenyooka ni mupini muzuri sana ya masi. Tatizo ni kupata yenye imenyooka. Mumba njo muti wa chukudu, ile trotinete ya mbao ya kubeba mizigo, kwa hiyo pita fasi yenye banatengeneza chukudu, omba ao ununue vile vipande vyenye banatupa pembeni. Batengeneza chukudu banajua kuchagua muti, juu chombo yao inabeba mizigo ya kilo mingi inashuka mulima, kwa hiyo chenye kwao ni kibaki kwako ni mali.

Grevilea acha. Ni muti muzuri wa meza na kabati, lakini kwa kitu chenye kinagonga ni laini. Libuyu yenye inatoka upande wa Beni na Ituri iko na rangi ya kupendeza lakini nyuzi zake zinalala mara kushoto mara kuume, kila tabaka na upande wake, itakufaa kwa mupini ya sizo (patasi ya mbao) ao ya tupa, si ya masi. Muvule nayo bafundi banaisifu kwa milango, sawa, lakini ndani yake kunakuwaka fasi zingine vijiwe vya kweli, kalisi yenye imeganda mu muti, musumeno ukikutana nayo unasikia meno inalia na umemaliza kunoa kwa bure. Na vumbi yake inawasha batu wengi ku ngozi na ku pua.

Kujua nyuzi zinaenda wapi usiangalie tu rangi ya juu, inadanganya. Kata kipande kifupi ku mukia wa ubao, kama sentimetre 10, simamisha, weka shoka juu, gonga. Fasi inafunguka njo njia ya nyuzi. Ikifunguka sawa na ubavu, una bahati. Ikifunguka pembeni unajua ni pembeni kiasi gani, pima na uandike. Kama hautaki kupoteza kipande, mwaga tone ya wino ao ya mazuti juu ya fasi yenye imepita raboti (randa), utaona inakimbia mu nyuzi, inachora mustari mudogo. Fanya vile fasi tatu ine, si moja.

MUBICHI AO MUKAVU

Muti mubichi unapasuka bila kuchosha, musumeno unaingia kama mu sabuni, lakini vipande vitapinda vikikauka. Mukavu kabisa unatoka sawa lakini utatoka jasho. Mimi ninapendelea kati: muti wenye umekaa chini ya paa miezi kazaa, mikia yake imepakwa rangi ao buji ya kuyeyusha ili isikauke mbio kuliko katikati na kupasuka. Napasua hapo, naacha unene wa ziada ya milimetre 5 kila upande mupana, kisha naacha nusu zikauke peke yake mpaka mwisho. Usiiweke karibu na mbabula ya makala ukisema unaharakisha, karatusi yenye imekaushwa na moto inapasuka mu nyufa ndogondogo zenye hauone mpaka siku ya kazi. Kama uko na nafasi ya kuchagua, anza mwezi wa sita, kiangazi cha huku kinaenda mpaka mwezi wa nane, muti unapata hewa kavu.

Namna ya kujua imekauka bila mashini ya kupima: pima kilo yake ku mizani ya duka ya jirani, andika na krayo juu ya muti wenyewe, rudia kila wiki. Siku inaacha kushuka, imefika.

MUSUMENO

Hapa njo batu banapoteza nguvu. Egoini (misumeno ya mukono) za soko, zile mupya za mukono ya plastiki, mingi meno yake imechongwa kwa kukata muti kwa kupita, si kwa kupasua mu urefu wake. Itapasua ndiyo, lakini polepole na itakwenda pembeni. Tena ukiona ncha za meno ziko na rangi nyeusi ya bluu, hiyo imekazwa na moto, tupa haiwezi kuila, ikifa imekufa. Tafuta egoini ya zamani, chuma yote rangi moja, hata kama iko na kutu juu, kutu inatoka.

Meno ya kupasua iko mikubwa, kama 5 mu sentimetre 2 na nusu, na unainoa na tupa ya pembe tatu ukisukuma moja kwa moja, tupa imesimama sawasawa na lamu, bila kuilaza kushoto ao kuume. Uso wa mbele wa jino usimame karibu wima. Kila jino inakuwa kama sizo ndogo yenye inachonga, haina ncha ya kisu. Weka lamu kati ya mbao mbili zenye umefunga na serjwa (kibano), meno ikitokea kidogo tu juu, ili isitetemeke. Hesabu visukumo, kama jino ya kwanza umeipa tatu, zote zipate tatu.

Kisha yale meno kupinda moja kushoto moja kuume, iko na kipimo. Ikipindwa mingi, musumeno unacheza mu njia yake na hautafwata mustari. Ikipindwa kidogo, unabanwa. Kwa muti mugumu wenye umekauka, pindisha kidogo. Kwa mubichi, ongeza. Na kosa ya wengi ni upande mumoja kuzidi mwingine, hapo utasukuma vizuri na mikono yako yote na bado musumeno utavuta kwenda upande wenye meno imezidi. Pitisha tupa ya bapa mara moja, polepole, ku ubavu wa meno ya upande ule, utaona inarudi.

Kama kazi ya mipini njo chakula yako, tengeneza ule musumeno wa kadri: mbao mbili zimesimama, moja katikati, kamba juu na kijiti cha kuisokota ili lamu ikaze. Lamu unaweza kupata ku atelie zenye ziko na mashini ya ruban (musumeno wa lamu ndefu yenye inazunguka), yao ikikatika banauza vipande. Chukua yenye iko na upana wa sentimetre 4 kupanda, kwa sababu lamu pana haigeuki mbio ndani ya muti, inakwenda njia yake. Toboa mashimo mbili, ingiza misumari mikubwa, kaza mpaka ukiigonga na kidole ilie.

Paka buji ku pande mbili za lamu kila wakati. Usitumie mafuta ya mawese, inabaki mu muti na koli ao vernisi haitashika pale.

KUCHORA, NJO KAZI YENYEWE

Tufanye mufano. Uko na kipande cha madriye, unene sentimetre 9, urefu mumetre moja, unataka mipini mbili za masi. Musumeno utakula milimetre 2, inabaki 88, kila nusu 44. Ukitosha raboti na kusinyaa kwa kukauka, unabaki na kama 38 ao 40. Inatosha. Kama madriye ingekuwa ya 7, usilazimishe mbili za masi, toa moja ya masi na moja nyembamba ya marto, pasua pembeni ya katikati.

Kabla ya truskini (kifaa cha kuchora mustari sawa na ubavu), nyoosha uso moja na raboti mpaka ekere (kipimo cha pembe) na rula zikubali, kisha ubavu moja. Bila hiyo uso moja yenye imenyooka, mistari yako yote inapimwa ku kitu chenye kimepinda.

Sasa kumbuka kipande chenye ulipasua na shoka. Kama nyuzi ziko sawa na ubavu, weka truskini ku kipimo na uzungushe mustari pande zote ine: ubavu, mukia, ubavu mwingine, mukia mwingine. Zote ine. Wengine banachora mbili banasema inatosha, kisha banashangaa musumeno umetokea wapi upande wa nyuma.

Kama nyuzi ziko pembeni, wacha truskini kwanza. Chukua kamba, ipake unga ya makala, ivute kutoka mukia mpaka mukia ukifwata njia ya nyuzi, pigisha. Kata hicho kipande cha pembeni kwanza, chenye kinakuwa kipana upande moja na chembamba upande mwingine. Utasikia vibaya kukitupa, ni muti ulilipa. Lakini ukikata sawa na ubavu nyuzi zitatokea mu katikati ya mupini, na pale njo itavunjika, tena si kwa kukatika wima, itafunguka kwa kulala na kuacha ncha ndefu kama mukuki karibu na tumbo ya mutu mwenye anaishika. Ukishakata, ubavu mupya sasa njo bwana wa mistari ingine, rudisha truskini. Na kama nyuzi zinatoka inje kabla ya kufika nusu ya urefu, usihangaike, hicho kipande ni cha mupini fupi ao cha mbabula.

Angalia pia mikia. Kama muduara ya kukua kwa muti inaonekana, geuza kipande mu akili yako mpaka hiyo mistari ikimbie upande wenye masi inagonga, mbele kwenda nyuma, si kushoto kwenda kuume. Muti inaweza kukunja bila kufunguka ikiwa vile. Miti mingine ya huku haionyeshe muduara vizuri, hapo nyuzi za urefu njo za kuangalia, basi. Chora mushale na krayo upande wa kugonga, utasahau ukianza kupasua.

KUPASUA

Simamisha ubao wima mu eto (kibano) ya etabli (meza ya fundi), ao kama hauna, ufunge ku nguzo na kamba ya kusokota na kabari, ao ulaze juu ya vitalu viwili na upige goti juu yake. Jambo ni isitetemeke. Acha fasi ya kupasua iwe chini ya kifua chako. Vaa miwani, na funga pua na kitambaa ao masiki. Vumbi ya mbao si ya kuchezea, IARC, lile shirika la utafiti wa kansa la kimataifa, iliiweka mu orodha ya vitu vinaleta kansa kwa mutu tangu 1995.

Anza ku kona ya karibu na weye. Musumeno umelala kama digrii 45, unaona mustari ya juu na mustari ya ubavu wako kwa wakati moja. Visukumo vya kwanza viwe vifupi, kidole gumba inaongoza lamu, pale njo njia yote inaamuliwa. Sukuma polepole mpaka umeshuka ku ubavu sentimetre 5 hivi, huku nyuma ya ubao haujagusa kitu.

Geuza ubao. Fanya vilevile ku kona ingine. Sasa ndani kunabaki pembe tatu ya muti yenye haijakatwa. Simamisha musumeno sawa na ulale kidogo tu, kata hiyo pembe tatu. Lamu itatembea mu njia mbili zenye zilishafunguliwa, haina namna ya kupotea. Kisha anza tena: kona moja, geuza, kona ingine, katikati. Inachosha kugeuza kila mara, najua, na kijana mwenye nguvu atapenda kushuka upande moja mpaka chini. Atashuka sawa upande wake, nyuma atakuwa ametoka mustari sentimetre nzima.

Usibonyeze. Uzito wa musumeno unatosha, weye unasukuma na kurudisha kwa urefu wa lamu yote, mukono kutoka ku bega. Ukianza kubonyeza ni alama meno imekufa, simama uinoe, hata katikati ya ubao. Ukisikia inabanwa, ingiza kabari ndogo ya muti nyuma mu njia yenye umeshapasua, ifunguke kidogo, lakini usigonge kabari kama unapasua kuni, utafungua muti kufwata nyuzi na kupoteza kila kitu.

Musumeno ukianza kuacha mustari usiukunje kwa mukono kuurudisha. Lamu itakunjika ndani, na upande wa nyuma itaongeza kosa. Rudi juu kidogo kwenye njia yako, laza musumeno zaidi, chonga polepole upande wenye unataka kurudi. Milimetre 1 ao 2 inje ya mustari si shida, njo maana tuliacha unene wa ziada.

Ukifika nusu ya urefu, geuza ubao juu chini na uanze ku mukia mwingine mpaka njia zikutane. Haitakutana sawasawa, kutabaki kangazi kadogo, raboti itaimaliza. Sentimetre za mwisho shika nusu zote mbili ama zifunge na kamba, zisianguke na kuchana nyuzi.

Karatusi ikifunguka angalia mara moja. Kama nusu mbili zinaachana, zimepinda inje kama mikono imefunguliwa, usizilazimishe kurudi. Acha zipinde vile zinataka, siku ya raboti ndio utanyoosha. Zipange na vijiti vya unene moja katikati, ku mikia na kati, jiwe mbili nzito juu, chini ya paa fasi upepo unapita. Jiwe huku hazikosi.

KUMALIZIA MUPINI

Hapa napita mbio, kila fundi iko na mukono yake. Chora umbo, toa pembe kwanza mpaka ikuwe na pande nane, kisha zungusha na raboti, panga yenye makali ao rapi (tupa ya mbao), malizia na kipande cha kioo chenye kimevunjika, inakwangua vizuri kuliko emeri (musasa). Marto inataka kama sentimetre 30 ao 35, masi kubwa 80 ao 90. Usiifanye nene juu unafikiri nene ni nguvu, mupini nene haikunji, mutetemo yote inaingia mu mikono ya mutu.

Kichwa uingize ku mupini yenye imekauka kabisa, mara zote. Pasua muchirizi ku ncha kufwata urefu wa tundu ya chuma, ingiza kabari ya muti mukavu mugumu, gonga mpaka ikatae. Ile tabia ya kutia masi mu ndoo ya maji jioni ili ikaze, wacha kabisa: muti unavimba ndani ya chuma, nyuzi zinakandamizwa, kesho ikikauka inakuwa ndogo kuliko jana, na kila siku unazidisha. Paka mafuta ya lini (ya mbegu za kitani), acha inywe, rudia. Vitambaa vyenye umepakia mafuta hayo usivikunje na kuvitupa mu kona ya atelie, vinaweza kujiwasha moto peke yake. Vitandaze inje mpaka vikauke.

Na vile vipande vya pembeni vyenye ulitupa kwa uchungu, vyenye nyuzi zake ziko sawa toa kabari zako mule, na mipini ya tupa na ya sizo.